Chupi za Mianzi, Macho Mekundu

Simu ililia mara moja ikanyamaza.

Loveness Ndaki alikuwa ameshika chupi ya kiume, rangi ya majani mabichi, akiuvuta ukanda wake kama mtu anayejaribu mpira wa manati. Hakugeuka. Mbele yake Donatus, mkurugenzi wa kiwanda cha Laini, alikuwa bado anahubiri.

"Asilimia mia moja mianzi, dada yangu. Haidhuru ardhi, haidhuru maji, haidhuru mtu. Soma mwenyewe hapo kwenye lebo."

Loveness alisoma. Lebo ni lebo. Hata sumu ya panya ina lebo nzuri.

Akaitoa Tecno mfukoni, akaitupia jicho.

Ng'ombe wa bibi amekata kamba.

Uso haukusema kitu.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ujumbe wa nyumbani. Kwa Loveness ilikuwa amri. Bibi ni Idara, ile ya usalama wa taifa. Ng'ombe ni shahidi. Amekata kamba, maana yake shahidi amekimbia, na wanaomtafuta hawataki kumrudisha zizini.

"Mambo ya familia?" Donatus aliuliza.

"Ng'ombe wa bibi yangu. Hawaishi kumtesa."

Donatus akacheka. Alikuwa na meno mazuri, na suti nzuri, na digrii ya kemia aliyoitundika ukutani kwa fremu ya dhahabu. Kwake yeye, Loveness alikuwa mkaguzi aliyetumwa na kampuni ya nje inayotoa nembo ya kijani kwa nguo zisizochafua dunia. Ukiipata nembo hiyo, chupi moja unaiuza Ulaya kwa bei ya mbuzi. Na makontena yako ya kemikali yanapita bandarini bila kufunguliwa.

Hilo la pili ndilo lililoikosesha Idara usingizi.

Maana mianzi haigeuki chupi kwa maombi. Lazima iyeyushwe. Inachemshwa kwa magadi makali, kisha inachanganywa na kimiminika kinachoitwa kaboni disulfidi. Kinanuka kabichi iliyooza. Mvuke wake ni mzito, unatambaa chini kama nyoka, na ukikutana na ekzosi ya gari iliyopata moto, unalipuka. Hauhitaji kiberiti. Kiwanda chenye adabu hukinasa kimiminika hicho na kukitumia tena na tena. Laini walisema ndivyo wanavyofanya. Lakini walikuwa wanaagiza mapipa ya kutosha kuivisha Afrika nzima, na chupi zao hazijai maduka mawili ya Kahama.

Mapipa ya ziada yalikuwa yanakwenda Geita. Geita pipa la kemikali halimshangazi mtu. Kila mwenye shimo la dhahabu ana pipa lake. Yakishachanganyika na ya wachimbaji, yalivuka mpaka wa nchi usiku, hadi kwa watu wenye bunduki wanaoyatumia kuchomea vijiji.

Aliyeipigia Idara simu kuhusu mapipa hayo alikuwa Sesilia, msokota nyuzi wa kiwanda hikihiki. Aliahidi kuwaonyesha stoo. Kabla hajaonyesha, alikatwa mapanga ndani ya nyumba yake, kitongoji cha Mwalushu, upande wa Samuye.

Watu wakasema, mchawi huyo. Si mliyaona macho yake mekundu?

Kesi ikafia hapo.

Aliyebaki anayeijua stoo ni mmoja tu. Scolastika, mwenzake Sesilia wa chumba kimoja cha kusokotea. Na mwezi huu macho ya Scolastika nayo yalikuwa yameanza kuwa mekundu.

"Nataka kuona chumba cha kusokotea," Loveness alisema.

"Kimefungwa. Matengenezo."

"Mlangoni tu."

Donatus alisita, kisha akatangulia. Walipita kwenye kitalu cha mianzi ambacho kila mgeni hupigwa nacho picha. Miche ilikuwa kwenye ndoo, imenyooka, inang'aa. Loveness aliugusa mmoja. Udongo wa ndoo ulikuwa mkavu kama unga wa mhogo. Mianzi ya maonyesho hiyo; ikinyauka wanaleta mingine.

Mbele ya mlango wa chuma, mfukoni mwake powerbank ya Oraimo ilianza kutetemeka. Haikuwa powerbank. Ndani yake mafundi wa Idara walikuwa wameweka kifaa cha kunusa gesi, na kilikuwa kinatetemeka kama chura aliyekanyagwa. Nyuma ya mlango ule mashine zilikuwa zinanguruma. Matengenezo gani hayo?

Kikohozi cha mwanamke kilisikika. Kisha kingine.

"Wana mafua," Donatus alisema.

"Wote?"

"Vumbi la Septemba."

Akamgeukia Loveness ili amsindikize kutoka, na hapo akasimama ghafla. Alikuwa anatazama masikio yake.

Asubuhi Loveness alikuwa amevaa hereni za fedha, zinameremeta. Sasa zilikuwa nyeusi tii.

Kuna gesi moja tu ya kiwanda kama hicho inayoifanyia fedha hivyo kwa haraka, gesi ya salfa inayotoka nyuzi zinaposokotwa. Ni hiyohiyo inayowasha macho ya wasokota nyuzi mpaka yawe mekundu. Mtu mwenye digrii ya kemia ukutani hahitaji kuelezwa.

"Hereni zako zimechafuka, dada."

"Vumbi la Septemba, kaka."

Walitazamana. Tabasamu la Donatus lilibaki mahali pake, ila macho yalikuwa yameshaondoka. Loveness aliaga kwa mkono, akatembea mpaka kwenye Hilux yake bila kukimbia. Nyuma yake alimsikia akiongea kwenye redio ya mkononi, polepole.

"Hamisheni mzigo wote. Leo. Na huyo mwanamke mmalizeni."

Loveness hakujua kama mwanamke ni yeye au Scolastika. Akaona usalama ni kuchukulia kwamba ni wote wawili.

*

"Sema," Loveness alisema kwenye kipaza cha sikioni, akikanyaga mafuta.

Valerian, bosi wake, alikuwa Dar, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Sauti yake haikuwahi kupanda hata siku moja.

"Jana mnadani Tinde kuna watu walipita wakimtangaza Scolastika. Kwamba ndiye aliyerithi uchawi wa Sesilia. Leo asubuhi wamekuta damu ya kuku mlangoni kwake."

"Nani kaiweka?"

"Unauliza jibu?"

"Yuko wapi?"

"Kanipigia kwa simu ya kuazima. Kasema amejificha kwenye ngitili ya Mzee Jilala. Kisha ikakatika."

Loveness karibu acheke. Ngitili ni malisho yaliyofungwa; nyasi zinaachwa zikue mpaka kiangazi kikali kifike, na kabla ya siku ya kufunguliwa hakanyagi mtu wala mbuzi. Ni mwiko. Hakuna mahali pazuri pa kujificha kuliko hapo. Tatizo ni mwenyewe. Jilala alikuwa mtemi wa sungusungu wa Mwalushu, kiongozi wa walinzi wote wa jadi, na sungusungu ndio waliokuwa wanamtafuta Scolastika.

Mwanamke yule alikuwa amejificha chini ya kitanda cha mwindaji wake.

"Polisi?"

"Wametoka Shinyanga. Barabara unaijua."

"Naijua."

"Loveness. Huyo akifa, hatuna kesi."

"Huyo akifa, bosi, ana watoto." Akakata simu.

Kwenye kioo, vumbi lilikuwa na pikipiki mbili ndani yake.

Boxer. Kila moja na watu wawili. Wa nyuma ya ile ya kwanza alikuwa amevaa kofia nyekundu na ameshika panga wazi, mchana kweupe, kama mtu anayekwenda shambani.

Loveness aliacha barabara, akaingia njia ya ng'ombe. Hilux iliruka, ikatua, ikalalamika. Kundi la ng'ombe lilikuwa linapanda kutoka kwenye mfereji unaotokea kiwandani. Alifunga breki, akalipita taratibu kwa pembeni, na hata katika haraka ile aliona kitu ambacho kilikaa kichwani mwake. Ng'ombe wote walikuwa wanatokwa machozi. Macho yao yalikuwa mekundu, yamevimba, inzi wamejaa.

Akalipita kundi. Akakata kona nyuma ya kichuguu, akasimama ghafla katikati ya vumbi lake mwenyewe.

Boxer ya kwanza iliibuka na kuikuta bampa.

Kishindo. Dereva alipita juu ya bodi ya Hilux akalala kwenye miiba, hakuamka. Kofia Nyekundu alibiringika, akasimama, akatimua mbio kuelekea kiwandani. Ile ya pili ilijaribu kugeuka. Loveness alikuwa ameshashuka na Glock mkononi.

Risasi moja. Tairi.

"Shukeni. Vueni viatu."

"Dada, sisi tumetumwa tu..."

"Viatu."

Walivua. Akavitupa ndani ya Hilux. Juu ya mbigili za Shinyanga, mtu asiye na viatu hakufuati mbali.

*

Scolastika alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, chini ya mgunga. Aliposikia nyayo hakukimbia. Alifunika kichwa kwa mikono, akangoja.

"Mama Mayala," Loveness alisema taratibu. "Usiogope. Nimetumwa na yule uliyempigia simu."

Mwanamke aliinuka. Hakuwa mzee; labda miaka thelathini na kidogo. Mikono ilikuwa inamtetemeka, na si kwa woga tu. Ilikuwa inatetemeka yenyewe, kama ya mtu wa miaka themanini. Macho yake yalikuwa mabichi kama kidonda.

"Sioni vizuri, dada. Jua linanichoma. Usiku naota watu wamekaa kitandani kwangu." Akashusha sauti. "Nami najiuliza, labda kweli ni mchawi bila kujijua."

Loveness alichuchumaa mbele yake. Kumuua mtu ni jambo moja. Kumfanya aamini kwamba anastahili, hilo ni jambo jingine.

"Wewe si mchawi. Umevuta sumu. Kila anayekaa chumba kile macho yanakuwa hivyo, na kichwa kinavurugika. Stoo iko wapi?"

"Chini ya kitalu cha mianzi. Ukisogeza ndoo za miche kuna mlango. Mapipa yanatokea nyuma, kwenye korongo, lori linaingia huko." Alishika kiganja cha Loveness. "Mayala wangu yuko kwa mama, Tinde. Nikifa usimwambie nilikufa mchawi."

"Hutakufa."

Filimbi ililia.

Nyingine ikajibu upande wa pili. Nyasi zilifunguka, wakatokea wanaume, mmoja mmoja, kimya, na pinde zao. Marungu yalikuwa mengi kuliko Loveness alivyoweza kuhesabu. Katikati yao alikuwa mzee mrefu mwenye bangili ya shaba na koti la zamani la suti. Uso wake ulikuwa mtulivu. Hilo lilimtisha Loveness kuliko marungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu." Jilala alimtazama kwa heshima. "Wewe ni mgeni. Sogea pembeni. Hii ni shughuli yetu."

"Mimi ni mtoto wa Ushetu, huko Kahama, mzee, si mgeni sana. Huyu amefanya nini?"

"Huoni macho yake?"

"Nayaona."

"Basi."

Wanaume walisogea. Scolastika hakulia. Loveness alikuwa na Glock kiunoni, lakini ile ni silaha ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, haiui ushirikina. Alipiga hatua akasimama mbele ya mwanamke yule, mikono wazi.

"Mzee, ng'ombe wanaokunywa mferejini kule chini ni wa nani?"

Jilala alishangaa. "Wangu."

"Wale wenye mkato wa sikio la kushoto?"

"Wangu. Wamefanya nini ng'ombe wangu?"

"Macho yao yakoje?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Ni inzi," Jilala alisema. "Nimewatia dawa."

"Wamepona?"

Jilala aliangalia upande wa mferejini.

"Macho mekundu, yanatoka machozi, hawataki jua. Wanakunywa maji yanayotoka chumba alichokuwa anafanya kazi huyu mama. Wanavuta hewa aliyoivuta." Loveness alizivua hereni zake akaziweka kwenye kiganja cha mzee. "Hizi zilikuwa nyeupe leo asubuhi. Nilisimama mlangoni mwa chumba hicho, sikuingia. Sasa niambie, mzee wangu. Na ng'ombe wako nao ni wachawi?"

Upepo ulipita kwenye nyasi.

Kuna mtu angecheka, siku nyingine. Kwa Msukuma unaweza kumtilia shaka jirani, mke, hata mama aliyekuzaa. Ng'ombe humtilii shaka. Jilala alizigeuza hereni zile mara mbili, tatu. Kisha akaitazama bangili yake ya shaba, ambayo alikuwa anaiosha kwa ndimu kila Jumapili na kila Jumamosi inakuwa imeshakuwa nyeusi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Aliketi chini, palepale kwenye nyasi zake za mwiko.

"Na Sesilia?" aliuliza.

Mmoja wa vijana wake alishusha upinde, akatazama vidole vyake vya miguu.

Ndipo ngurumo ya injini ikasikika kutoka upande wa korongo. Nzito. Loveness aliijua kwa sauti. Lori la Howo, lililobeba mzigo.

*

"Valerian. Wanatoa mapipa. Polisi wako wapi?"

"Hawajavuka hata Samuye."

"Lori likifika lami, usiku wa leo liko Geita, kesho halipo."

"Unalizuia?"

"Peke yangu?"

Alikata. Akamgeukia Jilala.

"Mzee, nahitaji barabara ifungwe."

Jilala hakuuliza kwa nini. Alisimama kwa kujisukuma na rungu, akaelekeza uso juu, akaweka kiganja mdomoni.

Akapiga mwano.

Mwano ni yowe la Wasukuma la kuomba msaada. Ukilisikia unaacha tonge mdomoni. Unaliitikia, unalipeleka kwa jirani, unatoka na ulichonacho mkononi, na huulizi ni la nani. Asiyeitika anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, na akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Ndiyo sheria ya kale, na hakuna mtu wa Mwalushu aliyewahi kuivunja hadharani.

Yowe lilitoka kifuani mwa mzee yule refu na kali. Wanaume walilipokea. Ng'ambo ya mfereji mwanamke akalidaka. Kisha kilima. Kisha kitongoji cha pili, cha tatu, mbali kabisa, mpaka likawa mbele ya lori lenyewe, likikimbia kuliko magurudumu.

Donatus alikuwa mtu wa mjini, tena wa mbali. Alijua kuutumia woga wa watu hawa. Mwano hakuwa na habari nao.

Loveness alipofika na Hilux, Scolastika kando yake na Jilala nyuma kwenye bodi, barabara ilikuwa imekwisha kufungwa. Mikokoteni ilikuwa imelazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ng'ombe wa kulimia, wanawake wenye majembe, wazee wenye mikuki, watu juu ya watu. Howo ilikuwa imesimama katikati, imezimwa, dereva wake ameshatoweka. Nyuma yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa imezibwa.

Harufu ya kabichi iliyooza ilimfikia kabla hajafungua mlango.

Pipa moja lilikuwa limepasuka kwa mitikisiko. Kimiminika kilikuwa kinadondoka, kinatiririka chini ya lori, kuelekea kwenye ekzosi. Ekzosi ilikuwa bado ya moto. Ilikuwa inapoa taratibu.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele. "Upande upepo unakotoka! Wote! Mzee, warudishe!"

Jilala alipuliza filimbi. Umati ulirudi kama wimbi, hatua kwa hatua, bila kuacha mikokoteni.

Mlango wa Land Cruiser ulifunguka. Alitoka Kofia Nyekundu na bastola, amechanika shati, damu kwenye kiwiko. Aliinyoosha kwenye uso wa Loveness.

Loveness hakugusa Glock yake. Aliinua mikono juu.

"Ukifyatua, unakufa kabla yangu. Nusa."

"Kelele!"

"Muulize bosi wako."

Na hapo Donatus, aliyekuwa bado ndani ya gari, alitoa kichwa dirishani na kupiga ukelele uliosikiwa na Mwalushu nzima.

"Usifyatue, mpumbavu! Hiyo kitu inawaka! Ni sumu hiyo, itatuua wote!"



Wanawake wawili waliokuwa kwenye umati, wenye sare za kijani za kiwanda na macho mekundu kama ya Scolastika, walimtazama mkurugenzi wao. Walikuwa wameambiwa ni mafua. Walikuwa wameambiwa ni vumbi.

Kofia Nyekundu hakuelewa. Au alielewa nusu, na nusu ya kuelewa ndiyo iliyomponza. Aliitazama bastola, akaitazama mikokoteni, akaamua kupita kwa nguvu. Akarukia ndani ya Howo.

"Usiwashe!" Loveness alisema. "Kaka, usiwashe!"

Aliwasha.

Howo ilikohoa mara moja. Chini yake hewa ikageuka buluu.

Hakukuwa na mlipuko kama wa sinema. Kulikuwa na pumzi moja kubwa, vuu, na lori lote likawa ndani ya moto wa rangi ya anga. Mapipa yakaanza kupasuka. Loveness alimsukuma Scolastika chini ya ukingo, akamlalia. Joto lilipita juu ya migongo yao. Kulikuwa na sauti ya mtu ndani ya lori, haikudumu.

Mikokoteni ya mbele iliungua. Watu waliokuwa nyuma yake walipona, kwa sababu walikuwa wamerudi upande wa upepo.

Donatus alikuwa ameshatoka, anakimbia kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka, suti yake inapepea. Alikimbia vizuri. Lakini mwano ulikuwa bado hewani, na kila alikoelekea palikuwa na mtu amesimama. Alipozungukwa alipiga magoti. Marungu yaliinuka.

"Huyo ni wangu," Loveness alisema, akipenya kati yao.

"Ametuua, dada," mmoja wa wale wanawake wa sare alisema.

"Ndiyo. Na atakaa jela akiwa mzima, kila siku, mpaka azeeke. Mkimuua leo atapumzika."

Marungu yalishuka, kwa shida. Akamfunga pingu. Donatus alikuwa anahema.

"Dada, tuongee. Nembo siihitaji tena. Tuongee tu kama watu wazima."

Loveness alitoa mfukoni ile chupi ya kijani, ambayo hata hakukumbuka kuichukua, akamtia mdomoni.

*

Polisi walipofika kazi ilikuwa imekwisha. Walisogeza ndoo za miche, wakafungua mlango, wakakuta mapipa yaliyobaki yamepangwa mpaka darini. Wanawake wa chumba cha kusokotea walitolewa nje mmoja mmoja, wakifunika macho kwa khanga zao kwa sababu ya jua.

Simu ililia.

"Idara inauliza tathmini yako," Valerian alisema. "Ya ile nembo. Lazima kuwe na jibu rasmi."

"Haidhuru ardhi, inadhuru. Haidhuru maji, inadhuru. Haidhuru mtu." Aliwatazama wanawake wenye khanga usoni. "Andika wamefeli, bosi."

"Shahidi?"

Loveness alimtazama Scolastika, amekaa kwenye kivuli cha gari la wagonjwa na kitambaa chenye maji usoni. Daktari alikuwa amesema macho yatasafika. Kuhusu mikono hakutaka kuahidi.

"Yuko hai."

Alikata simu, akapangusa Glock yake, akaelekea kwenye Hilux. Hakuna aliyempigia makofi, naye hakuyatarajia. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango aliposikia sauti nyuma yake.

"Ng'wanawane."

Alikuwa Jilala. Alikuwa amevua koti, amelikunja vizuri, ameliweka mkononi kama mtu anayekwenda safari. Hereni nyeusi zilikuwa bado kwenye kiganja chake. Alimrudishia.

"Pingu zimebaki?"

Loveness alimtazama. "Za nini, mzee?"

"Wale watu wa mapanga, yule wa kofia na mwenzake. Usiku ule walipita kwangu kwanza. Walisema wamekuja kutuondolea mchawi. Hawakuijua nyumba." Sauti yake haikutetemeka. Ingekuwa afadhali ingetetemeka. "Niliwaonyesha."

Nyuma yao Scolastika alishusha kitambaa usoni.

"Sesilia alipiga mwano," mzee aliendelea. "Tuliusikia wote. Vijana walitoka na pinde. Nikawaambia ni fisi, laleni."

Scolastika alimtazama kwa macho yake mekundu, muda mrefu, kisha akajigeuza taratibu upande wa pili. Jilala alipokea hilo kama mtu anayepokea anachodaiwa.

Loveness alikuwa na pingu za akiba. Kazi hii huendi na moja.

Alizifunga bila kubana. Akamfungulia mlango wa mbele, si wa bodi, kwa sababu mtu mzima ni mtu mzima. Akawasha gari.

Walipita mfereji, wakapita ng'ombe wenye macho yao, wakaingia Mwalushu. Walifika kwenye nyumba moja yenye mlango wa bati uliong'olewa bawaba. Mikono ya mzee ilikuwa imefungwa, hivyo aliionyesha kwa kidevu.

"Ni ile," alisema. "Hivihivi niliwaonyesha."

Loveness alibadilisha gia, akaendelea na barabara ya Shinyanga.